Kamera Zilizofungwa za Usalamani

Namna Hoza Shekigenda alivyofika Usalamani haitamsaidia mtu yeyote, kwa hiyo tuiache. Alifika, basi. Aliyempeleka huko ni wasiwasi wake mwenyewe, akisaidiwa na muuza kamera mmoja mwenye maneno laini aliyeitwa Chambuso. Kamera ya Hoza, aliyoinunua kwa kujinyima hata soda, ilikuwa inakaribia kumaliza mwaka wa dhamana ya dukani, na Chambuso alikuwa akimwandama kila alipopita: "Vipi, mpiga picha, ile dhamana ya nyongeza unachukua au huchukui?"

Hoza hakujua ajibu nini. Jumatatu anachukua, Jumanne hachukui. Kamera yake ya kwanza ilikufa harusini, ilipomwagikiwa bakuli zima la mchuzi wa mbuzi mbele ya wakwe wa pande zote mbili, na tangu hapo alikuwa akimwona mtu amebeba bakuli anarudi nyuma. Kwa hiyo alikuwa na sababu ya kuogopa, tusimwonee. Mkewe Mboni, ambaye ni mkulima, alimwambia, "Mimi jembe langu nikiliogopea udongo, tutakula nini humu ndani?" Lakini Mboni hakuwahi kumwagikiwa mchuzi mbele ya wakwe.

Ndipo Chambuso akamwambia iko nchi inaitwa Usalamani, ambako kila raia alichukua dhamana ya nyongeza, na tangu nchi hiyo iwepo hakuna kamera hata moja iliyoharibika. "Nenda ukaone kwa macho yako," alisema, "halafu uje tuongee." Hoza akavaa kamera yake shingoni, akaenda.

Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba Chambuso hakumdanganya. Kila mtu mzima wa Usalamani alikuwa na kamera, na kamera zenyewe zilikuwa nzuri kuliko ya kwake, zenye lenzi ndefu ambazo yeye alikuwa akizitazama dukani na kumeza mate. Zilikuwa zimefungwa. Kila moja ilizungushiwa kitambaa cha mafuta, ikapigwa kamba, na juu ya fundo ikamiminiwa lakiri, nta nyekundu yenye muhuri wa serikali. Watu walizivaa shingoni hivyo hivyo, sokoni, msikitini na mashambani. Wakikutana barabarani hawakuulizana habari za asubuhi. Mmoja aliuliza, "Vyombo havijaguswa?" na mwenzake akajibu, "Havijaguswa," wakapita kila mtu na njia yake, wameridhika.

Sheria mama ya nchi ilikuwa imechongwa kwenye jiwe pale sokoni, na Hoza aliisoma mara mbili akidhani ameruka neno. Ilisema kwamba chombo kilichodhaminiwa kitalindwa dhidi ya kila baya, isipokuwa baya litokanalo na kutumiwa. Chini yake yalifuata mabaya yenyewe: vumbi, unyevu, jua kali, mkono wenye jasho, kuanguka, kukaribia kuanguka. Na mtu aliyekata lakiri ya chombo chake hakupigwa wala hakufungwa. Aliitwa mtumiaji. Hilo ndilo lilikuwa tusi kubwa kuliko yote Usalamani. Watoto walichapwa kwa kulitamka, na akina mama walimvuta mtoto upande wa pili wa njia mtumiaji alipopita.

Mambo hayo hayakuishia kwenye kamera. Katika nyumba ya wageni Hoza alioneshwa kitanda kizuri cha mninga chenye godoro, kimefungwa kwa lakiri, na pembeni yake mkeka wa kulalia. Alipouliza kitanda ni cha nini, mwenye nyumba alimtazama kwa huruma. "Ni cha chumba hiki, bwana," alisema. "Chumba bila kitanda kitakuwaje cha wageni?"

Mkeka ule ulimuumiza mgongo, akahamia kwa familia moja mtaa wa Tanuri, kule wanakochoma chokaa. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Kidawa, mjamzito wa miezi ya mwisho, mume wake akiwa ameenda machimboni. Aliishi na mama yake, Bi Sihaba, kikongwe aliyekuwa mgonjwa wa kifua na macho yake yameingia ukungu. Vumbi la chokaa lilikuwa kila mahali mtaani humo, jeupe, kwenye majani ya mipapai na kwenye nyusi za watu.

Sebuleni kwa Kidawa ukuta mzima ulikuwa na fremu, na ndani ya kila fremu karatasi nyeupe. Chini ya kila karatasi paliandikwa kwa mwandiko wa kupendeza: harusi ya fulani, siku ya Idi, babu amerudi kutoka machimboni, na mwisho kabisa jina la aliyepiga. Hoza alisimama mbele yake kwa muda mrefu.

"Mbona hazina kitu?" aliuliza.

"Zina kitu," Kidawa alijibu. "Hii ni harusi yangu. Shangazi ndiye aliyetupiga. Alisimama pale, akainua kamera yake, akafanya *cha!*" Alifanya kwa mdomo, na mkono wake ukainua kamera yake iliyofungwa mpaka usoni. "Watu wote wanaikumbuka."

Hoza aliona jambo hilo likifanyika mara nyingi baadaye. Mtoto akianza kutembea, watu walikimbilia, wakainua vifurushi vyao vya nta nyekundu na kusema *cha!*, *cha!*, kila mmoja kwa sauti yake, wengine kama mtu anayefukuza kuku. Kisha walinunua fremu.

Jioni ya kwanza Bi Sihaba alimwita akae karibu naye kwenye kibao. Hoza alimwamkia, na kikongwe akaitika, kisha akanyoosha mkono akapapasa kifua cha mgeni mpaka vidole vyake vikaifikia kamera. Alipapasa lenzi, akapapasa kitufe, akatafuta lakiri asiione. Akashtuka.

"Hii iko uchi," alisema.

"Ndiyo, bi mkubwa. Mgeni ana muhula mpaka aonane na Katibu wa Lakiri."

"Na inapiga?"

"Inapiga."

Bi Sihaba akainama karibu, kama mtu anayeomba sigara mbele ya watoto. "Mwanangu, mimi sifiki mwezi ujao. Huyu aliye tumboni mwa Kidawa sitamwona, wala yeye hatanijua. Nimepigwa *cha* tangu nizaliwe, nimechoka. Nataka nipigwe mara moja na kamera yenyewe. Nisikie kamera ikilia, si mdomo wa mtu. Ili mtoto akiuliza bibi yangu alikuwa nani, aoneshwe mtu, asioneshwe karatasi."

Kidawa, aliyekuwa anapepeta mchele, aliacha kupepeta.

Hapo Hoza angeinyanyua tu kamera. Ilikuwa shingoni. Lakini alikuwa fundi, na fundi ana majivuno yake, na mwanga wa jioni ule ulikuwa mbaya, wa manjano, ukiingia kwa dirisha dogo. Alitaka kumpiga picha nzuri. "Kesho asubuhi, mama," alisema. "Nitakuweka mlangoni, jua likiwa bado laini. Nakuahidi." Bi Sihaba akasema kesho haina tabu, na usiku huo walimsikia akiimba chumbani kwake.

Asubuhi, kabla chai haijachemka, walikuja wakaguzi wa vumbi. Walikuwa wawili, wamevaa glavu nyeupe, na kazi yao ilikuwa kupitisha kidole juu ya vitu vya watu kisha kukitazama. Walipitisha kidole juu ya kamera ya Hoza, wakakitazama, wakatazamana. Wakamwambia Katibu wa Lakiri anamngoja. Hoza alimwambia Bi Sihaba anakwenda na kurudi.

Aliingizwa barazani, ambako mjadala ulikuwa katikati. Hoza aliusikiliza vizuri, na ninausimulia kama ulivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Mkulima mmoja, alipokuwa akivuka mto, alikuwa ameponyokwa na kamera yake iliyofungwa. Ikazama. Alidai apewe nyingine. Upande mmoja wa baraza ulisema haki yake ipo, kwa sababu hakuitumia. Upande wa pili ulisema aliitumia, kwa kuwa kuivaa shingoni ni matumizi, na mtu mwangalifu huiacha nyumbani. Mjumbe mmoja mzee alisimama akasema hata kuiacha nyumbani ni matumizi ya nyumba. Palipigwa makofi. Mwingine alipendekeza dhamana yenyewe nayo idhaminiwe, maana ikipotea itakuwaje, na huyo ndiye aliyepigiwa makofi mengi zaidi. Mkulima aliondoka na barua ya pongezi kwa kutokuwa mtumiaji. Hoza alitaka kucheka, akaona hakuna mtu mwingine anayetaka.

Katibu wa Lakiri, Bwana Msellem, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya daktari. Hakumsukuma Hoza hata kidogo. Alimkalisha, akamuuliza habari za mke, akamuuliza kamera aliipataje. Kisha akauliza taratibu, "Na hujawahi kupata msiba nayo, au na nyingine?"

Hoza akamweleza habari za mchuzi wa mbuzi.

Msellem alifumba macho kana kwamba yeye ndiye aliyemwagikiwa. "Mbele ya wakwe?"

"Wa pande zote mbili."

"Pole sana. Na mabakuli bado yako mengi duniani, bwana mgeni. Una uhakika nayo? Unaweza kunihakikishia mimi, hapa, kwamba leo hutakutana na bakuli?" Hoza hakuweza. "Na mtaa wa Tanuri unakokaa, vumbi lile linaingia kwenye lenzi, hutaliona leo. Utaliona siku mteja wako mkubwa amekaa mbele yako. Sikulazimishi. Muhula wako unaisha adhuhuri, na wapo wageni waliochagua kubaki watumiaji. Huwa wanaondoka kwa mlango ule wa nyuma."

Malipo ya dhamana ya nyongeza hayakuwa mengi. Masharti ndiyo yalikuwa mengi. Nyuma ya Hoza ilikuwepo foleni ndefu ya raia wenye vifurushi vyao, na wote waliitazama kamera yake iliyo uchi kama watu wanaomtazama mtu aliyesahau kuvaa suruali. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake macho kwa kiganja. Hoza alihisi masikio yake yanawaka moto.

Alimkumbuka Bi Sihaba, wala nisidanganye kwamba alimsahau. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: naomba kwanza nirudi mara moja, nimemwahidi mama mmoja picha moja tu. Yalikuwa maneno mepesi na Msellem asingeweza kumzuia, kwa kuwa adhuhuri ilikuwa bado. Lakini kuyasema mbele ya foleni ile ilikuwa sawa na kutangaza kwamba yeye ni mtu wa kupiga picha. Aliona haya. Akaivua kamera shingoni akaiweka mezani, wakaizungushia kitambaa, wakakaza kamba, nta nyekundu ikamwagika juu ya fundo na muhuri ukagandamizwa. Foleni nzima ilishusha pumzi. Mtu asiyemjua alimpiga begani akasema, "Havijaguswa, ndugu yangu," na Hoza, Mungu amsamehe, alifurahi.

Njiani alijitungia maneno ya kumwambia kikongwe. Angemwambia kuhusu vumbi. Angemwambia atarudi mwaka ujao na kamera nyingine. Yote yalionekana ya maana mpaka alipofika mlangoni.

Bi Sihaba alikuwa ameketi kizingitini, palepale Hoza alipomwambia, uso umeelekea jua. Alikuwa amevaa kanga mpya, doti nzima, nyekundu na nyeusi, na mikunjo ya miaka ya kukunjwa bado imesimama juu yake. Miguuni pake palikuwa na vipande vya lakiri.

"Kanga yake ya harusi," Kidawa alisema kwa sauti ndogo. "Hakuwahi kuivaa. Ameikata lakiri asubuhi hii kwa meno, mbele ya majirani. Wamemwita lile neno, yeye anacheka."

"Ni mgeni huyo?" Bi Sihaba aliuliza. "Mwanangu, jua si bado laini? Nimekaa vizuri?"

Jua lilikuwa limepanda, lakini bado linafaa. Hoza alisimama mbele yake, kifurushi shingoni. Pale ndipo angesema ukweli. Na kama hakuweza kuusema, alikuwa na kidole gumba chenye kucha, na nta ni nta tu, bibi wa miaka themanini aliishinda kwa meno matatu. Kwenye kizingiti cha jirani walikuwa wamekaa watu wakitazama, na mmoja wao alikuwa yule aliyempiga begani kule barazani. Vumbi la chokaa lilikuwa linaelea hewani, jeupe, likimulikwa na jua.

"Umekaa vizuri sana, mama," alisema.

Akainua kifurushi usoni.

Sasa, Hoza alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi, na sauti ya kamera yake alikuwa anaijua kuliko sauti ya mlango wa nyumba yake. Raia wa Usalamani walisema *cha*, kwa kuwa hawakuwahi kuisikia kamera. Yeye aliisikia kila siku. Aligusisha ulimi kwenye kaakaa, akauachia, akauvuta tena haraka, na sauti ikatoka: kavu, fupi, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni pale pazia la ndani linapofunga. Ilifanana kabisa. Ujuzi wake wote wa kazi alikuwa ameuweka kwenye ulimi huo.

Bi Sihaba aliruka kidogo, kisha uso wake ukafunguka.

"Hiyo!" alisema. "Hiyo ndiyo yenyewe! Kidawa, umesikia? Si mdomo huo!"

"Nimesikia, mama."

"Umenipata, mwanangu?"

"Nimekupata, mama."

Alimfanyia nyingine mbili, kwa kuwa aliombwa. Ya mwisho Bi Sihaba aliangalia pembeni na kushika pindo la kanga, akiwa anaringa. Wiki hiyo hiyo alifariki, na walimzika bila kanga ile, kwa sababu alisema abaki nayo mtoto, iwe ya kubebewa mgongoni.

Hoza hakulala vizuri tena katika nchi ile. Alikuwa bado anakula kwa Kidawa. Mwishowe alijipeleka barazani mwenyewe, akasimama pale mkulima aliposimama, akasema ana dai.

"Kamera imepatwa na nini?" Bwana Msellem aliuliza, amejaa huruma.

"Kamera ni nzima. Nilichopoteza ni sura ya mtu. Niliahidi kuichukua, sikuichukua, na mwenyewe sasa amezikwa. Nataka kujua kama dhamana inanirudishia."

Baraza lilijadili kwa heshima zote. Wapo waliosema sura si sehemu ya kamera. Wapo waliosema ni sehemu, ila ni ile sehemu inayoingia kwa njia ya kutumiwa, kwa hiyo haihusiki. Yule mjumbe mzee aliuliza kama marehemu mwenyewe alikuwa na dhamana. Mwishowe waliikagua kamera ya Hoza, wakaikuta haina hata chembe ya chokaa ingawa imelala mtaa wa Tanuri siku zote hizo, na wakasimama wote kumpigia makofi. Kisha Msellem akaomba jambo moja. Habari zilikuwa zimeenea, alisema, za sauti ya mgeni. Je, angekubali kuwafundisha?

Hoza alifundisha. Hilo ndilo ambalo hata Mboni hakuwahi kuambiwa. Alisimama mbele ya baraza lile, watu wazima wenye ndevu, akawaonesha ulimi unakaa wapi, kwa sababu alikuwa hajui namna ya kukataa mbele ya watu wanaompigia makofi. Kabla ya Ijumaa mji mzima ulikuwa unaitoa ile sauti. Aliisikia sokoni. Aliisikia nje ya shule, watoto wakishindana. Kila ilipolia alikuwa anaona kanga nyekundu na nyeusi, na mkono wa kikongwe unaoshika pindo.

Kidawa alijifungua mtoto wa kike. Siku ya kumpa jina nyumba ilijaa, na vifurushi viliinuliwa, na sauti ya Hoza ikalia kutoka kwenye midomo thelathini kwa mpigo. Mtoto alilia. Hoza alijibanza ukutani, na alipogeuka kutafuta njia ya kutokea, uso wake ukakutana na fremu mpya. Ilikuwa kubwa kuliko nyingine zote na mbao yake ilikuwa imepigwa msasa vizuri. Ndani, karatasi nyeupe. Chini yake, kwa mwandiko ule wa kupendeza: *Bi Sihaba mlangoni, amevaa kanga yake. Imepigwa na Hoza Shekigenda.*

Alingoja wageni watoke. Kisha akapiga magoti pale Kidawa alipokuwa ameketi na mtoto, jambo ambalo mwanamume wa kwao hafanyi, akamwambia yote, bila kutaja vumbi.

Kidawa alimweka mtoto vizuri begani. "Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, kaka Hoza," alisema. "Macho ya mama yalikuwa na ukungu. Yangu hayana. Niliiona nta."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ili iweje? Alikuwa anacheka. Nilikungojea wewe useme. Siku hiyo nilingoja, nikangoja na kesho yake. Nikangoja mpaka tulipotoka makaburini. Nikaona basi, huyu naye ni wa kwetu."

Hakupandisha sauti. Hoza alitamani angepandisha. Aliona aibu nzito inayomfanya mtu asijue mikono yake aiweke wapi. Mwishowe mikono ilikwenda kwenye fundo. Ukucha wa kidole gumba uliingia chini ya nta, nta ikapasuka, haikuwa na ugumu wowote. Kamba ikaanguka. Kitambaa kikaanguka. Kamera ikawa uchi tena, na vumbi la chokaa likaanza kutua juu yake palepale.

"Naomba nikupigeni," alisema. "Wewe na mtoto. Sikuombi unisamehe."

Kidawa alifikiri. Alijua kwamba majirani watasikia, na kwamba jina lile litamfuata mpaka kwa binti yake. Kisha akainuka, akachukua kanga nyekundu na nyeusi, akamfunga mtoto ndani yake, akaenda kusimama ukutani.

"Sogea upande huu, dada," Hoza alisema, "hapo nyuma yako kuna—"

"Najua kilichopo," Kidawa alisema. "Kiingie nacho."

Akapiga. Kamera ililia yenyewe, kavu na fupi, na mtoto aliyekuwa amelilia ile ya midomo alinyamaza akaitazama.

Hoza aliondoka Usalamani kwa mlango wa nyuma. Watu walisimama njiani kumwita lile neno, akina mama wakifunika watoto macho, na yule aliyempiga begani alitema mate chini. Aliitikia kila alipoitwa.

Picha ya Kidawa aliisafisha nakala mbili. Moja aliituma, na kama ilifika hajui mpaka leo. Ya pili aliitundika studio, nyuma ya mlango, mahali ambapo mteja haioni mpaka awe anatoka. Ni picha kali, nadhani ndiyo bora aliyowahi kuipiga. Ukisogea unaweza kuhesabu nyuzi za kanga. Unaweza kusoma hata jina chini ya fremu.

Chambuso alikuja mwenyewe siku dhamana ya dukani ilipoisha, amebeba maneno yake laini. Alikagua kamera, akapuliza chokaa iliyoingia kwenye pete ya lenzi, akasikitika. "Sasa umejionea kule," alisema. "Unachukua au huchukui?" Hoza aliendelea kupanga taa zake. Chambuso alingoja, akachoka, akageuka kuondoka, na hapo akaiona picha nyuma ya mlango. Aliitazama kwa karibu, maana naye si mjinga wa picha.

"Hii nzuri," alisema. "Mama na mtoto. Lakini hii karatasi nyeupe nyuma yao, yenye jina lako, ni ya nini?"

"Hiyo ni bibi ya mtoto," Hoza alisema. "Nilimpiga siku kamera ilipokuwa na dhamana ya nyongeza."